Malalamiko Kuhusu Mabawabu Watatu na Neno Moja

Arua, kiangazi, mwezi wa pili

Kwa Ndugu Saturnino,
Mwenyekiti wa Ushirika wa Pampu za Jua,
Koboko.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUOMBWA NENO LA SIRI NA WATU WANAOHESABU PUMZI ZANGU

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Ninaandika nikiwa nimeegemea mito mitatu, kwa sababu nikilala chali pumzi inakataa, na nikikaa wima mgongo unakataa. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema umechoshwa na nani. Barua hii itamsaidia.

Unanijua, lakini kwa kuwa huenda barua ikasomwa mbele ya wajumbe, nijitambulishe. Mimi ni Constantino Amandu, mzaliwa wa Logiri, mwalimu wa fizikia niliyestaafu, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, na mshauri wa heshima wa ushirika wako. Heshima hapo maana yake ni kwamba napewa chai. Nilianza kusoma habari za kompyuta baada ya kustaafu, wakati wenzangu walipoanza kufuga nyuki. Wao waliumwa na nyuki. Mimi niliumwa na Linux, na uvimbe haujashuka hadi leo.

Kwa faida ya wajumbe ambao husinzia mafundi wakianza kueleza, jambo lenyewe liko hivi. Kila pampu yetu ina kisanduku, na ndani ya kisanduku mna bodi ndogo inayolingana na kiganja. Bodi hiyo hupima maji ya tangi, huwasha pampu jua likitoka, na huizima kabla kisima hakijakauka. Kinachoiongoza bodi ni Linux, na kiini cha Linux huitwa keneli. Sasa, keneli haijiamshi. Kuna programu nyingine ndogo inayotangulia kuamka, ambayo kazi yake yote ni kuitafuta keneli, kuiweka mahali pake na kuiambia, haya, anza. Mafundi wanaiita butiloda. Mimi namwita bawabu, kwa sababu tabia zake ni za bawabu kabisa: ameajiriwa kufungua mlango, lakini anaamini nyumba ni yake.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Nalalamika kwamba keneli moja inafungashwa mara tatu.

Tulinunua bodi kwa nyakati tofauti, mahali tofauti, kwa kufuata kilichopatikana. Matokeo yake ni kwamba tuna pampu Logiri, Vurra na Lurujo, na kila moja ina bawabu wa ukoo wake. Keneli ni ileile, haijaongezwa chumvi. Lakini Night, fundi wetu mkuu, ambaye nilimfundisha tangu akiwa msichana anayebishana na ubao, anakaa kutwa nzima akiivisha na kuivua kama bibi harusi mwenye mashangazi watatu.

Bawabu wa Logiri anataka keneli iwe tupu, mradi faili lake liwe na jina analolijua yeye na lilale kwenye sehemu ya kwanza ya kadi ya kumbukumbu. Anasoma jina tu. Ukimpa picha ya harusi yenye jina hilo, ataipokea, atajaribu kuiamsha, na kijiji kitakosa maji bila yeye kuona aibu.

Bawabu wa Vurra amekaa mno karibu na forodha. Anataka mbele ya keneli paandikwe kichwa: mzigo huu ni nini, ushushwe wapi, uanze kusomwa wapi, na hesabu ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichomwagika njiani. Tena, kwa sababu ni wa kizazi cha zamani, hajui kupokea maelezo ya bodi yakija peke yake. Lazima yagandishwe mkiani mwa keneli, adhani kuwa ni kitu kimoja. Night huyagandisha. Akimaliza hunawa mikono, ingawa hajashika kitu.

Bawabu wa Lurujo ndiye wa kisasa. Anataka kila kitu ndani ya kifurushi kimoja: keneli, maelezo ya bodi, na faili za kuanzia. Na juu yake anataka muhuri. Muhuri ukikosekana, au ukiwa si ule aliofundishwa kuutambua, anakaa kimya kama shemeji aliyenyimwa nyama.

Mwaka jana fundi mmoja wa muda, ambaye simtaji kwa sababu mama yake ni jirani yangu, alipeleka kifurushi cha Vurra kule Logiri. Bawabu wa Logiri akala kichwa pamoja na keneli, na pampu ikakaa kimya na taa yake nyekundu. Basi watu wa ukoo wangu, badala ya kumpigia simu Night, waliitisha kikao. Wakaamua kwamba pampu imenuna kwa kuwa sikufika kumzika binamu yangu. Nikaagizwa nitoe mbuzi. Nikatoa. Kesho yake Night alifika na kifurushi sahihi, maji yakatoka, na wazee wakasema, "Si munaona? Mbuzi iko inafanya kazi." Tangu siku hiyo kila bodi ikigoma Logiri wananitazama mimi. Nimesomesha fizikia miaka thelathini na sita, Ndugu Mwenyekiti, na nimeshindwa na mbuzi mmoja.

Kwa hiyo nadai ushirika uwaandikie watengenezaji wote wa mabawabu duniani wakutane, ikiwezekana hapa Arua, wakubaliane kifurushi kimoja. Nitahudhuria kama nitakuwepo.

2. Nalalamika kwamba nimefanywa kuwa kufuli.

Wajumbe wanakumbuka kwa nini Lurujo iliwekewa bawabu wa muhuri. Nasiri, mwenye kibanda cha video Koboko, aligundua kwamba kisanduku cha pampu kina umeme wa jua usiokatika. Akachomeka kadi yake, akaunganisha skrini, na siku ya fainali wanawake wa Lurujo walifika na madumu wakakuta tangi tupu na vijana wamejaa. Nasiri alijitetea kwamba maji yapo kila siku lakini fainali ni moja. Hapo ndipo nilipopendekeza kwamba bawabu wa Lurujo asikubali keneli yoyote isiyo na muhuri wetu. Muhuri unapigwa kwa ufunguo uliomo kwenye kompyuta yangu, na ufunguo umefungwa kwa neno la siri ambalo nalijua mimi peke yangu.

Mlinipigia makofi. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulisimama ukasema, "Mwalimu, leo wewe ndiyo kufuli yetu." Hakuna aliyeuliza kufuli lina umri gani.

Sasa nimesikia kwamba katika kikao kilichopita katibu alisoma mali za ushirika, na jina langu likatajwa baada ya ngazi na kabla ya pampu ya akiba. Napinga mpangilio huo. Ngazi ile ilinunuliwa juzi.

3. Nalalamika kuhusu samaki wa Gaspard.

Wajumbe wanamfahamu Gaspard, yule mfanyabiashara wa kutoka upande wa Kongo mwenye duka Vurra, aliyetuuzia nusu ya bodi zetu, zikiwamo mbili zilizotoka ndani ya mashine ambazo bado hajatuambia zilikuwa mashine gani. Tangu nitoke hospitali anakuja kila Jumatatu na samaki wa moshi aliyefungwa kwenye majani. Anakaa kwenye kiti changu kizuri, anauliza habari za kifua, anasifu pazia. Kisha anakohoa kidogo.

"Mwalimu, miye si kama bale bengine. Miye nakuya kukuona weye. Lakini kama ile neno inakutoka kwa kinywa bahati mubaya, masikio yangu iko hapa."

Nilimjibu kwamba samaki wake ana mifupa, na mtu anayekula mifupa hawezi kuzungumza. Jumatatu iliyofuata alikuja na samaki aliyetolewa mifupa yote, mmoja mmoja, kwa vidole. Akaweka sahani mbele yangu na kusema, "Leo hakuna mufupa. Leo kinywa iko huru." Nikala, nikamshukuru, nikalala. Alikaa pale saa nzima akinitazama nikilala. Mke wake alipokuja kumchukua alimwambia, "Mutu mugumu huyu. Samaki yangu yote iko ndani yake, na neno nayo iko ndani."

Nauliza: je, ni haki kwa mgonjwa kula huku akijua kwamba kila tonge linasubiriwa litoke na neno?

4. Nalalamika kuhusu Padre Lionel, na hapa nakanyaga taratibu.

Padre alikuja kunipa sakramenti. Niliungama yale ya kawaida, pamoja na moja la mwaka ambao sitautaja. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Na kuna kitu kingine umekificha, mzee wangu? Kitu chochote. Hata kikiwa kifupi."

"Kifupi kiasi gani, Padre?"

"Sijui. Herufi kumi na mbili hivi."

Nikamwambia kwamba neno si dhambi. Akasema kulificha huenda ikawa dhambi, kwa kuwa akina mama wa Lurujo wanateseka. Nikamwambia basi nitaungama kulificha, na neno lenyewe nitabaki nalo, kwa sababu mtu huungama wizi bila kumpa padre kuku. Akanipa kitubio cha Salamu Maria kumi. Nilipomaliza alikuwa bado amesimama mlangoni. Akasema alidhani labda ningekosea nikaliweka katikati.

5. Nalalamika kuhusu simu ya Nasiri iliyowekwa chini ya mto wangu.

Ndiyo, Nasiri yuleyule. Siku hizi ametubu na anaosha paneli za Lurujo. Alikuja kunitembelea adhuhuri, wakati ambao mimi husinzia, akapanga mito yangu kwa upole ambao ulinitia shaka mara moja. "Mzee, wewe lala tu. Mimi niko hapa hapa." Nilipogeuka nilihisi kitu kigumu. Ilikuwa simu yake, imewashwa, inarekodi.

Nilifumba macho nikaanza kuweweseka kwa ufundi. Nilitaja majina ya wachezaji wote wa timu ya walimu iliyofungwa na timu ya polisi, nikataja sheria ya tatu ya mwendo, na mwisho nikanong'ona polepole, mara mbili, jina kamili la mama mkwe wa Nasiri. Kesho yake alinipigia. "Mzee, ile neno umesema haifungui." Nikamuuliza ni neno gani. Nikamshauri ajaribu kuliandika kwa herufi kubwa.

6. Nalalamika kuhusu wewe, Mwenyekiti.

Ulikuja umevaa koti jeusi, saa nane mchana, kwenye jua hili. Ulisema, "Naona Mwalimu iko na nguvu," huku macho yako yakipima upana wa mlango. Huo mlango unapitisha kitanda, nakutoa wasiwasi, na chochote kilicho chembamba kuliko kitanda. Ulikunywa vikombe viwili vya chai. Ulizungumza habari za ng'ombe wako, habari za vita vya zamani vilivyokuleta upande huu, habari za barabara ya Koboko. Nilifurahi, nikasema moyoni, huyu angalau amekuja kama mtu. Uliaga, ukafika mlangoni, ukageuka.

"Ile kitu yetu iko salama?"

Nilikujibu iko salama. Hukuuliza kama mimi niko salama.

7. Lalamiko hili ni dhidi yangu mwenyewe, na kwa kuwa mtu wa hali yangu hapaswi kuondoka na mizigo, naliandika kama toba.

Night anapokuja, haji na samaki wala simu. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda na kueleza hali ilivyo. Anasema bodi ya Lurujo bado ina keneli ya zamani. Anasema jua likikolea keneli hiyo inaganda, pampu inasimama, na lazima mtu apande aizime na kuiwasha tena. Kifurushi kipya kiko tayari. Kinakosa muhuri tu. Kisha anauliza, bila kuzungukazunguka, "Mwalimu, hutanipa?" Nami namwambia, "Sikupi." Anatikisa kichwa, ananimiminia uji, anaondoka.

Kila akiondoka nawaona wale akina mama wamesimama na madumu yao, wakitazama taa nyekundu. Najua kwamba pumzi yangu ikikatika leo mchana, neno litakatika nayo, na bawabu wa Lurujo atakaa na keneli yake mbovu hadi atakapochakaa. Nimepanga kumnong'oneza Night siku ya mwisho. Tatizo la siku ya mwisho ni kwamba haina kengele.

Kwa nini basi sisemi? Nitakwambia, Mwenyekiti, na naomba kipande hiki kisisomwe kikaoni. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyebisha hodi. Niliishi hivyo miaka mingi, nikisoma vitabu vya kompyuta kwa sauti ili nyumba isikie mtu. Mliponiita kwenye ushirika nilikuja mbio, na nilipopata lile neno nilijikuta nina kitu ambacho wengine wanakihitaji. Nikilitoa, nitakuwa kama bodi zile za zamani kwenye boksi la Gaspard, ambazo bado zinawaka lakini hakuna anayeziuliza kitu. Wiki iliyopita palipita siku nzima bila mgeni. Nilikuwa nimevaa shati safi na kutengeneza nywele, na hata kukataa sikupata nafasi ya kukataa. Jioni chakula hakikushuka.

Ni unyonge, najua. Nimemwambia Mungu. Yeye hakuniuliza neno, labda kwa kuwa analijua.

8. Nalalamika, mwisho, kuhusu bawabu wa nne.

Huyu hamkumnunua ninyi. Ni yule wa mlango ambao nitaufikia karibuni. Kwa uzoefu wangu wa mabawabu, nimeona si busara kufika bila kujua anataka kifurushi cha aina gani. Je, ni kama wa Logiri, ambaye akiona tu jina lako sahihi anakupokea, hata kama ndani ni picha ya harusi? Je, ni wa aina ya Vurra, anayetaka kichwa kirefu cha sifa mbele na maelezo ya ukoo mkiani? Au ni wa aina ya Lurujo, kila kitu kwa pamoja na muhuri juu, na kama muhuri haupo, kimya cha milele? Nilimuuliza Padre Lionel, kwa kuwa ni upande wake. Alisema, "Mzee wangu, huko wanatazama moyo." Nikamkumbusha kwamba moyo ndio ule daktari aliosema umechoka, kwa hiyo tutafute kifurushi kingine. Bado hajaniletea jibu. Kama fundi angefanya hivyo, angefukuzwa kazi.

Kutokana na malalamiko hayo manane, hoja yangu inasimama hivi. Kabla sijatoa neno, wanachama wote wa ushirika wanaomba nisife. Nikishalitoa, wataendelea kuomba, lakini kwa desturi tu, wakiwa wamevaa viatu tayari. Kwa hiyo neno hili ndilo linaloniweka duniani, na yeyote anayeliomba anaomba niondoke. Nimeikagua hoja hii kwa jicho la mtu aliyesahihisha mitihani ya nusu ya Arua na sijaona kosa.

Kwa sababu hiyo, nadai:

(a) Ushirika upitishe azimio rasmi kwamba mimi nisife hadi mabawabu wote wa dunia watakapokubali kifurushi kimoja cha keneli. Nawafahamu wanaowatengeneza. Hawatakubaliana hivi karibuni, na mimi sina haraka.

(b) Nihamishwe kutoka kwenye mali na kuwekwa kwenye wanachama, au nikibaki kwenye mali, nitangulie ngazi.

(c) Kuanzia kupokelewa kwa barua hii, mtu yeyote, awe fundi, padre, muuza samaki au mwenyekiti, apigwe marufuku kuniuliza neno la siri, kwa maneno, kwa chakula, kwa sakramenti au kwa simu. Akitaka kuja, aje kuniona mimi. Akiona kwamba kuniona mimi tu hakutoshi nauli, abaki nyumbani kwake.

Madai haya ni ya mwisho, kwa maana zote mbili za neno mwisho, na natarajia majibu kabla ya mvua za kwanza.

Nisalimie mama wa nyumbani na watoto, wale wakubwa na yule aliyekuja na koti la baba yake kwenye mkutano. Wasalimie wajumbe walioamka na waliolala. Wasalimie watu wa Lurujo, hasa akina mama, na uwaambie kuwa nawawaza kuliko wanavyodhani. Gaspard mwambie samaki wa wiki hii alikuwa na chumvi nyingi. Katibu usimsalimie.

Naweka kalamu chini, nikiwa mwalimu wako, mshauri wako na, hadi azimio lipite, kufuli lako,

Constantino Amandu.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimekunja barua hii wakati Night alipoingia na uji. Kwa kuwa ametajwa ndani, nilimpa aisome, kama mtuhumiwa anavyosomewa mashtaka. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye simu ya Nasiri alicheka hadi akashika ukuta. Alipofika kwenye lalamiko la saba akakaa.

Akasema, "Mwalimu, Lurujo iko na keneli mpya tangu mwezi wa kumi na mbili."

Nikamwambia haiwezekani, bawabu wa Lurujo hawezi kukubali kifurushi bila muhuri wangu. Akasema, "Nilibadilisha bawabu. Yeye pia ni programu tu, na bodi iko mkononi yangu. Nilimfuta, nikaweka mwingine, nikamufundisha muhuri yangu mimi." Yaani huyu binti, wakati mimi nimelala hospitalini sijitambui na ninyi mmekaa nje mkisubiri habari, alipanda Lurujo na bisibisi yake akamfukuza kazi bawabu wangu. Mimi niliyewafundisha wote namna ya kufungasha keneli kwa kumfuata bawabu, sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba anayeshika bodi anaweza kumwondoa bawabu mwenyewe. Ni kosa ambalo kwalo ningemkata mwanafunzi alama zote.

Nikauliza, basi mnaniuliza neno la nini?

Hakutaka kusema. Nilipomtishia kwamba sinywi uji, akasema. Siku ile nilipofumbua macho, Padre aliniuliza jina langu, sikujibu. Wewe ukaniuliza kama najua niko wapi, sikujibu. Daktari akaanza kuinamisha kichwa. Ndipo Gaspard, kwa kukata tamaa, akasema, "Na ile neno, Mwalimu?" Night anasema niliinuka kwa kiwiko, nikasema, "Hampati," nikaitisha uji. Daktari akawaambia, chochote mlichomuuliza, mwendelee kukiuliza. Mkagawana zamu. Padre alitafuta ruhusa ya dhamiri yake kwanza. Gaspard alitoa mifupa ya samaki kwa mikono yake kwa ajili ya neno ambalo alijua halina kazi. Na wewe uligeuka pale mlangoni kwa sababu ilikuwa zamu yako, na ulikuwa karibu usahau.

Siku ile ambayo hakuja mtu, Night anasema zamu ilikuwa ya katibu, naye alidhani simpendi. Nimemkosea. Msalimie.

Kwa hiyo naifuta hoja yangu yote, pamoja na lile azimio. Dai la (c) hasa lichaneni mbele ya wajumbe. Neno lenyewe halifungui tena mlango wowote, Vurra, Logiri wala Lurujo, na kwa sababu hiyo nimeamua kulilinda kwa ukali zaidi kuliko zamani. Njooni mniulize. Leteni samaki, leteni mapadre, leteni hata koti jeusi.

Hampati.